Namba Isiyopungua Ikihesabiwa

Perusi,

Sikuulizi hujambo. Umeondoka hapa mchana huu, nimekuona kwa macho yangu ukiwa mzima, umebeba begi kubwa kuliko wewe, na hiyo Mukendo, Musoma mjini kwa mama yako mkubwa Ester, si mbali kiasi cha mtu kuugua njiani. Naandika jua likiwa bado lipo kwa sababu macho yangu na taa havipatani siku hizi. Juma wa bodaboda anakwenda Musoma jioni kufuata tairi, atakuletea barua hii kabla hujalala. Nimemwambia akiifungua nitajua. Hajui kwamba sitajua.

Mambo ya kula na kuvaa, na nani wa kumwamini na nani wa kumkwepa, sikuandikii. Ester atakueleza mpaka masikio yakuume, na kesho alfajiri basi likiondoka atakuwa bado anaongea hapo dirishani. Mwache aongee, ndiyo namna yake ya kulia. Mimi nina jambo moja tu. Nimeliona leo hapa mlangoni.

Juma alipofika na pikipiki yake, na wanawake wote wa huku wamejaa uani kukuaga, aliuliza, "Dada, mko wangapi?" Ni swali la kila siku. Anamuuliza kila mtu anayesimama kando ya njia. Wewe ulikuwa peke yako, hata kuku angejibu. Lakini ulinitazama mimi kwanza. Halafu ukainamisha uso, ukajigusa kifuani kwa kidole. Mdomo hukuufungua.

Juma akacheka. "Msomi wa hesabu kashindwa moja! Huko Dar mtafundishwa nini sasa?"

Wanawake nao wakacheka. Mimi nikaingia ndani. Najua ulidhani nimekwenda kulia. Sikulia, usijidanganye. Nilikwenda kukaa chini. Niliporudi mlangoni mlikuwa mmeshafika kwenye kona, umenipa mgongo.

Mtu anakwenda chuo kikuu kusoma hesabu tupu, miaka yote hiyo, na hawezi kutamka "mmoja" mbele ya bibi yake. Aliyemfanya hivyo ni mimi. Nakuandikia hilo.

Sisi huku watu hatuhesabugi. Wewe unalijua, lakini nikuambie lilivyokaa ndani yangu, usije ukadhani bibi yako alikuwa mjinga tu. Baba yangu alikuwa na ng'ombe, na hakuna siku nilimsikia akitaja idadi yao. Jioni alisimama pale mlangoni mwa zizi akawatazama wakiingia, na akijua mwekundu mwenye doa hayupo, anatuma mtu. Watoto vilevile. Mama yangu alikuwa akigawa ugali anatazama nyuso. Ukihesabu watu kwa kidole umewaonyesha kwa yule anayechukua. Hatukufundishwa hivyo kwa maneno, tulikuwa tunapigwa mkono ukinyoosha kidole, basi, unaelewa.

Hata kliniki nilipokuwa na mimba ya mama yako, nesi aliniuliza, "Mama, huu ni uzao wa ngapi?" Nikamwambia ni huu. "Wa ngapi?" Huu huu, huoni tumbo? Akaandika anachojua mwenyewe.

Ndipo ikaja ile sensa. Siyo hii ya juzi, ile iliyotangulia. Ulikuwa ndiyo kwanza umeingia darasa la kwanza, umejifunza kuhesabu, umekuwa kero. Unahesabu mawe, unahesabu nyanya, unahesabu meno ya mbuzi mpaka akakung'ata. Karani akaja na kikoti chake, kijana mwenye adabu, akakaa pale kwenye kigoda. Akaniuliza, "Bibi, usiku ule wa kuamkia siku ya sensa walilala watu wangapi katika kaya hii?"

Nikamwambia, "Walilala waliokuwa na usingizi."

Akacheka. Akauliza tena. Nikamwambia aandike hao anaowaona. Akasema serikali inataka namba. Nikamwambia serikali ije yenyewe ilale hapa. Mjomba wako Magesa yuko pembeni anacheka mpaka anashika mbavu.

Wewe ukaruka. "Mimi najua! Mimi najua!" Ukaanza kupita kwa kila mtu. Ukanigusa goti mimi, ukasema moja. Ukamgusa Magesa, ukasema mbili. Ukajigusa tumbo, tatu. Ukaenda kwa mama yako, Sabina wangu, ukamshika mashavu yote mawili kwa mikono yako yenye vumbi, ukasema, "Na Mama, nne!" Mama yako akakupigia makofi. Alikuwa amefurahi kweli, mtoto wake anajua kuhesabu. Mimi nikakuzaba kibao mbele ya mgeni wa serikali. Karani akainamia karatasi yake akaandika.

Mvua zilipoanza Sabina akashikwa na tumbo.

Hapa nisome polepole, maana sijawahi kumwambia mtu, hata padri.

Magesa alisema siku ile ile tumpeleke hospitali Musoma. Gari lilikuwa linapatikana. Mimi nikakataa. Nikasema hili tumbo halina dawa za hospitali, huyu amehesabiwa. Nikatafuta mzee mmoja wa huko juu, nisimtaje, atutengulie ile hesabu. Alikuwa amesafiri. Nikamsubiri. Mwanangu yuko ndani anajikunja, mimi nakaa mlangoni natazama njia, namsubiri mzee. Magesa alipokuja kumbeba kwa nguvu, alinisukuma nikaanguka, na tangu siku hiyo mimi na yeye tunasalimiana kwa adabu tu. Unajiuliza kwa nini mjomba wako anakaa Bunda, hapo karibu, na hafiki hapa. Ni hivyo.

Daktari alisema maneno machache. Alisema utumbo umeoza, mngemleta mapema tungempasua akapona. Hakunigombeza. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Kwa hiyo nilijua, Perusi. Nilijua kabla hatujarudi na mwili. Tulipomzika, watu wametawanyika, wewe ulikuja ukanishika kanga ukauliza, "Bibi, sasa tumebaki wangapi?" Na mimi, nikiwa na maneno ya daktari masikioni, nikakuinamia nikakuambia, "Wewe ndiye uliyetuhesabu. Wewe ndiye uliyemtoa mama yako."

Nilijua si kweli. Nilisema kwa sababu ilikuwa lazima kuwe na mtu, na wewe ulikuwa mdogo, na hukuweza kunirudishia.

Nimeliandika. 

Baada ya hapo ulihesabu kila kitu isipokuwa watu. Mwalimu wako akaniita shuleni, akaniambia, "Bibi, huyu mtoto hesabu anazimaliza kabla sijaziandika, lakini nikimuuliza kwao wako wangapi anakojoa." Nikamwambia mwalimu afundishe hesabu aache mambo ya kwetu. Nikarudi nyumbani nikakupikia viazi. Nilifikiri viazi vinatosha. Huo ndio ulikuwa ujinga wangu mkubwa kuliko ule wa kwanza, kudhani mtoto akinyamaza amesahau.

Halafu ukafika kidato cha pili na ile namba yako.

Nilirudi shambani nikakuta umechora ukuta wote wa jiko kwa mkaa. Nikakutukana. Ukaniambia, "Subiri kwanza Bibi, usifute. Hii ni elfu nane mia moja ishirini na nane." Nikakuuliza, ya nini? Ukasema si ya kitu, ni namba tu. Nikasema namba tu ndiyo umenichafulia ukuta? Lakini ulikuwa na macho ambayo sikuyaona tangu kile kibao, nikaketi.

Ukaikata nusu mbele yangu. Elfu nne sitini na nne. Ukakata tena, elfu mbili thelathini na mbili. Tena, elfu moja kumi na sita. Mia tano na nane. Mia mbili hamsini na nne. Mia moja ishirini na saba. Hapo ikagoma. Ukasema hiyo haikatiki nusu, wala kwa tatu, wala kwa chochote ila moja na yenyewe, na namba za namna hiyo zinaitwa tasa. Nikakuambia jina hilo limetungwa na wanaume. Ulicheka, Perusi. Mara ya mwisho kukusikia ukicheka namna ile ilikuwa ukutani pale.

Ukaniandikia na vile vigawo vidogo vya chini. Moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne. Ukasema hivi vyote, vidogo na vikubwa, kila kinachoigawa ile namba bila kubakiza, ukivijumlisha, ukiiacha yenyewe tu, unapata elfu nane mia moja ishirini na nane. Ile ile. Ukajumlisha mbele yangu mara mbili kwa sababu sikukuamini.

Ukasema namba nyingi hazifiki. Ukijumlisha vigawo vyake vinapungua, mnaziita pungufu. Nyingine vinazidi. Zinazotoka sawasawa ndizo kamilifu, na ni chache mno. Kuna sita, kuna ishirini na nane, kuna mia nne tisini na sita, halafu hii yako, na ya baada yake ipo huko kwenye milioni thelathini na tatu na zaidi. Nikakuambia, "Hivi mlikosa kazi?"

Ukanijibu taratibu, na mimi sikusikia. Ulisema, "Bibi, hii unahesabu kila kilichomo ndani yake, kimoja kimoja, na haipungui."

Nikasema, haya, kateke maji.

Ile miaka yote uliyokuwa unatafuta, kumbe ulikuwa unatafuta ushahidi. Umekuja nao ukauweka mbele yangu kwa mkaa, mtoto anajitetea, na mimi nikakutuma maji.

Ukuta ule sijaupaka. Moshi umefunika nusu, lakini hapo juu bado nasoma mia moja ishirini na saba.

Kuna na lile jambo la mahindi, nilitaje, maana hilo ndilo lililonifungua akili, kwa kuchelewa kama kawaida yangu. Tulikuwa tunapukuchua, wewe ukatandaza turubai uani, ukaanza kupanga punje. Mstari wa kwanza punje moja, wa pili mbili, wa tatu tatu, hivyo hivyo. Ukasema ile namba yako inakaa pembetatu, ukifika mstari wa mia moja ishirini na saba zinakuwa zimetimia, haibaki hata moja wala haikosekani. Nikakuuliza mbona ni ile ile iliyogoma? Ukasema, "Umeiona, Bibi!" Nikajivuna, sikukuonyesha.

Ulipanga tangu asubuhi. Ulipomaliza, ukasimama unaitazama, na mimi nikasimama. Ilikuwa nzuri, lazima niseme. Ndipo yule kuku mweusi mwenye kichaa akapita kwa mbio, akadonoa ile punje ya kwanza kabisa, ile ya nchani, iliyokuwa peke yake, akaenda zake.

Ukaanguka chini ukalia kama siku ya msiba. Binti mzima wa kidato cha pili. Nikakugombeza, "Unalilia punje? Debe zima hili hapa!" Ukasema ikitoka moja tu haikamiliki tena. Ukasema sasa ni elfu nane mia moja ishirini na saba, na vigawo vya hiyo ukivijumlisha havifiki hata elfu sita. Punje moja tu, Bibi, na vyote vinabomoka.

Nikachota punje nyingine nikakupa. "Weka hii. Punje ni punje."

Ukaishika mkononi ukaitazama. Ukasema, "Kwa hesabu ndiyo, Bibi."

Hukuiweka. Ulikunja turubai, ukayamwaga yote kwenye debe.

Nilikaa na hilo "kwa hesabu ndiyo" miaka yote hii. Nilikuwa nikisonga ugali linanijia. Kwa sababu mimi pia nilikuwa nimekupa punje nyingine, sivyo? Nilikufanya mwanangu mahali pa mwanangu, nikakulisha, nikakuvalisha, nikakupeleka shule, nikasema mtoto ni mtoto. Na muda wote mimi ndiye niliyekuwa yule kuku.

Juzi usiku ule wa mvua nilikuuliza huko Dar unakwenda kutafuta nini hasa. Ukasema zile namba kamilifu zote zilizoonekana mpaka leo ni shufwa, hakuna hata moja ambayo ni witiri. Nikasema basi haipo. Ukasema hakuna anayejua kama haipo. Nikauliza wametafuta mpaka wapi. "Mbali mno, Bibi. Namba ambayo kuta zote za nyumba hii hazitoshi kuiandika." Nikakuuliza, na kama haipo? Ukasema, "Basi nitakuwa nimetafuta."

Sikulala. Nilijua hiyo sauti. Ndiyo ile uliyoulizia tumebaki wangapi.

Sasa mimi sina cha kukupa, Perusi. Ningekuwa mtu wa kanisani sana ningekuandikia kwamba Mungu atalifuta lile neno langu. Sijui kama anafuta. Neno lile lilikuingia ukiwa na mifupa laini, limekua pamoja nawe, na leo Juma amekuuliza swali la bodaboda, nalo limetoka lote zima kama lilivyoingia. Barua ya ajuza haiwezi kulitoa. Umechagua chuo cha mbali, na najua kwa nini, na usiniandikie eti utarudi likizo. Mjomba wako Wambura naye alisema atarudi. Nyumba hii nilikuwa nadhani ikikaa kimya bila kuhesabiwa haitaguswa. Sikuihesabu, nikaitunza hivyo maisha yangu yote, na wamekwisha vilevile. Wameondoka bila idadi, na wengine hakuna anayejua kwamba walikuwapo isipokuwa mimi, na mimi naondoka.

Uliwahi kuniuliza nilizaa wangapi, nikakurushia mwiko. Chukua, basi. Namba sitaitaja. Nakupa majina, na kazi ya kuhesabu ni yako, wewe ndiye msomi.

Wambura, aliyekwenda machimboni Geita, sijui kama ni mzima, mhesabu. Ester unaye hapo. Kuna mmoja wa kiume aliyefuata Ester, alikaa siku chache, hakufikia kupewa jina, amelala chini ya ule mkonge na hakuna aliyeweka alama. Huyo mhesabu, Perusi, usimruke, hajawahi kuhesabiwa na mtu yeyote. Rebeka, alichukuliwa na surua. Masatu, ziwa lilimchukua huko Kisorya, aliyekuwa akiniimbia nikichoka. Magesa, huyo wa Bunda. Kesho basi likisimama pale stendi ya Bunda atakuwa amekuja kukutazama, nimemtumia ujumbe, sijui kama atakuja. Akija, msomee ile sehemu ya daktari. Yeye anadhani sikumsikia daktari.

Na Sabina. Mhesabu mama yako. Mshike mashavu kama siku ile.

Halafu ujiweke na wewe.

Hesabu kwa sauti. Hapo hapo kwa Ester, au ndani ya basi, watu wakutazame kama kichaa, nyoosha kidole. Na kesho konda akikuuliza mko wangapi, usijiguse kifua kama bubu. Fungua mdomo umjibu.

Ukishapata jibu usiniandikie. Mimi bado naogopa. Lakini wewe hesabu.

Bibi yako